Si maji ya chumvi peke yake yanayotunyonyoa nywele

Kwako Mhariri,

Assalaam alaykum na hamjambo nyote hapo gazetini. Mimi ni msusi, nina saloni yangu ndogo ya mabati huku Kisauni mwaka wa kumi na tisa huu, na barua gazetini sijawahi kuandika hata moja, lakini wiki iliyopita nlisoma ile ya bwana mmoja wa Tudor aliesema wanawake wa Mombasa twanyonyoka nywele kwa sababu ya maji ya chumvi, ati tukiletewa maji matamu vichwa vitajaa tena, nkacheka mpaka mteja niliekuwa namsuka akauliza kuna nini, manake mkono mmoja uko kichwani mwake na mwengine umeshika gazeti. Maji matamu twayataka, hapo simpingi hata kidogo. Lakini nywele zikianza kutoka mimi ndio huziona wa kwanza, kabla ya mume na kabla ya daktari, mwanamke atamficha kila mtu kichwa chake ila msusi, na niliyoyaona kwenye kiti changu mengi hayana habari na maji.

Hebu tuyamalize haya maji kwanza. Maji ya Mzima na ya Baricho yakikatika, na yakatika kila mara, twarudi kwa watu wa mikokoteni, na mkokoteni haukwambii mtungi umejazwa wapi, ukionja ndio wajua hiki ni kisima. Maji yale sabuni haitoi povu, ukimaliza kuosha nywele zakuwa kama makumbi, ukitia chanuo zakatika. Hio ni kweli. Lakini kukatika si kunyonyoka jamani! Chukua unywele mmoja kutoka kwenye chanuo lako, uweke juu ya buibui ama kitambaa chochote cheusi, uangalie ncha zake zote mbili. Ukiona upande mmoja kuna kitone cheupe kidogo kama kichwa cha pini, huo umetoka kutoka ndani ya ngozi. Ukiona huku hamna kitu na huku hamna kitu na unywele wenyewe ni kipande tu, huo umekatika njiani, na hapo sasa ndio ulaumu maji, dawa ya kulainisha, pasi ya nywele, kitana cha moto na jua letu hili. Nyanyangu alizaliwa Kibokoni, alikoga maji ya kisima tangu utotoni mpaka siku anaoshwa maiti, na nywele zake zilimfika kiunoni.

Kitu chengine kinachowatia watu kiwewe ni kufumua. Mtu akaa na misuko siku arubaini, akija kufumua lile bonge la nywele linalobaki mkononi laweza kuwa kubwa kama ngumi, basi ataanza kulia, nshaona mtu mzima analia. Sasa tupige hesabu. Kichwa cha mtu kina nywele kama laki moja hivi, na kila siku nywele 50 mpaka 100 zatoka zenyewe, zimemaliza muda wake, hio ni kawaida ya kila binadamu. Siku nyengine zingedondoka bafuni ama kwenye mto wala usizione, lakini ukiwa umesuka zinashikiliwa na msuko. Siku arubaini mara 50 ni elfu mbili, mara 100 ni elfu nne. Basi bonge lako ni la siku arubaini, si la leo. Huwa nawaambia hivo na bado wengine hawaamini, wanitazama kama nimewaibia.

Sasa nije kwenye letu sisi wasusi, naona haya kulisema lakini nshaamua. Panja. Ukitaka kujua mwanamke wa Mombasa amesukwa vipi miaka kumi iliyopita mvue mtandio umtazame panja zake hapa pembeni juu ya masikio. Hizo hazikuliwa na chumvi, tumezing'oa sisi wasusi kwa mikono yetu hii, na tumelipwa kwa kuzing'oa.

Juzi kati alikuja msichana mmoja, hata 25 hajafika, afanya kazi duka la simu, ana harusi ya dadake Jumamosi ataka misuko myembamba ya kufika kiunoni. Nkamvua mtandio. Paji la uso lake lilikuwa limepanda juu vidole viwili, na pale mbele kabisa kumebaki ukingo mwembamba wa vinywele vifupi vilaini, kama nyasi zilizobaki pembeni mwa uwanja wa mpira, halafu nyuma yake ni ngozi tupu, halafu ndio nywele zaanza. Pembeni kulikuwa na vipele vyeupe vidogo vya usaha kwenye kila shina, misuko ya mwisho aliifumua siku mbili tu nyuma. Nkamuuliza, vilikuwa vyauma? Akanambia ah dada si ni kawaida, mimi nikisukwa hunywa Panadol mbili nikalala kifudifudi siku ya kwanza, siku ya tatu inalegea. Yaani kusukwa kumekuwa kama kufanyiwa oparesheni. Na sisi nasi ndivyo tulivyowafunza, mteja akilalamika twamwambia vumilia, ikiuma ndio itakaa, na wateja wenyewe nao wataka hivo hivo, "kaza dada, nataka zinimalizie mwezi".

Maumivu yale ni shina la unywele lavutwa, na vipele vile ni shina limevimba. Ukilivuta wiki hii na ijayo na mwaka ujao, mwisho lachoka. Mpwa wangu anaesomea uuguzi alinionyesha kwenye simu kwamba ugonjwa huu uliandikwa na madaktari mara ya kwanza mwaka 1907, na wapi? Greenland! Kule kwenye barafu, wanawake walikuwa wakifunga nywele juu kwa nguvu sana zikawatoka mbele. Kwa hivo si ugonjwa wa Waafrika wala wa Pwani, ni ugonjwa wa kukaza. Na ukitia dawa ya kulainisha halafu hapo hapo ukasuka na kuongeza nywele za dukani nzito, hatari yazidi, manake unywele ushadhoofishwa na wewe waubebesha mzigo.

Uzuri wake ni kwamba ukiushtukia mapema nywele zarudi. Ulegeze, upumzishe mbele, usivute kwenda juu, miezi michache waanza kuona vijinywele. Ubaya wake ni kwamba ukiendelea miaka na miaka ngozi pale yafunga, yawa laini yang'aa kama goti, vitundu havionekani tena, na hapo hakuna mafuta wala dua ya msusi itakayoota kitu. Namjua mmoja hapa hapa kwetu ana miaka 41 apaka wanja wa nyusi kwenye panja akienda harusini.

Na mimi sijitoi. Mwanangu wa mwisho alipokuwa darasa la tatu nlikuwa nikimsuka matuta kila Jumapili usiku, nakaza ili yafike Ijumaa, manake walimu wataka kichwa nadhifu na mimi Jumatatu asubuhi nina wateja. Siku moja namtazama akiwa juani naona panja zake naweza kuhesabu nywele. Mtoto wa miaka tisa! Nami ndio fundi! Nilimnyoa zote, akalia sana, lakini saa hizi anazo.

Hijabu nayo imesingiziwa sana, nasikia watu wasema ati kichwa chafunikwa hakipati hewa ndio nywele zatoka. Unywele haupumui jamani, sehemu iliyo hai iko chini ya ngozi yalishwa na damu. Ila watu wetu hutoka kuoga, nywele mbichi, wakazikunja fundo moja kubwa kisogoni kwa mpira ule wa kukaza, juu wakavaa kile kikofia cha kubana, juu yake mtandio na pini, kutwa nzima na joto hili. Hapo kinachong'oa ni mpira na fundo, mtandio hauna kosa.

Nikiacha panja, kuna hili la jicho. Sikatai husuda, imetajwa, na mimi ni Muislamu. Lakini wacha nikusimulie. Mwaka jana mteja wangu mmoja mwenye mtoto wa miezi minne alikuja analia, nywele zatoka mkupuo, akipitisha mkono tu zaja nyingi, na alikuwa na hakika ni shoga yake, kwa sababu siku ya arubaini yule shoga alimshika nywele akasema "mashallah nywele zako zimejaa hivi" mbele za watu. Wameshakosana, hawazungumzi. Kombe ashakunywa, ashafukiza, na pesa zimekwenda. Nkamwambia mamangu, yule shoga alisema kweli tu, zilikuwa zimejaa. Mwanamke akiwa na mimba homoni zashikilia nywele, zile ambazo zingetoka kila siku zakataa kutoka, ndio maana waja wazito huwa na nywele nzuri. Akishajifungua homoni zashuka, na zile zilizokuwa zangoja zote zaingia kwenye foleni kwa pamoja, na zaanza kudondoka mwezi wa pili mpaka wa nne hivi baada ya kuzaa, mpaka mtoto akifika mwaka huwa nyingi zimesharudi. Shoga kasingiziwa bure. Sijui kama walipatana.

Jambo la kushika hapo ni ule mwezi wa pili na wa tatu. Unywele ukipata mshtuko hautoki siku hio hio, hulala kwanza, halafu miezi miwili mitatu baadae ndio wadondoka, na wewe ushasahau kilichokupata. Wanaokumbuka ile chikungunya ilioingia Mombasa mwisho wa 2017 mpaka 2018, watu wanatembea wameinama kama wazee kwa viungo, watanielewa. Homa ile ilipita, na mimi baada ya kama miezi miwili saloni ikaanza kujaa watu wenye vichwa vyepesi, wake kwa waume, kila mmoja na lake, huyu asema shampuu, huyu asema maji, huyu mumewe kaoa mke wa pili. Mimi mwenyewe wakati ule sikujua, nikawauzia mafuta. Homa kali yoyote yaweza kufanya hivo, malaria kali, taifodi, korona nayo ilifanya, na pia oparesheni, msiba mzito, ama mtu kujikondesha kwa ghafla kwa kula tango na maji ya ndimu mwezi mzima ili aingie kwenye dera. Kwa hivo nywele zikitoka kichwa kizima siku hizi mimi simuulizi mtu apaka nini, namuuliza miezi mitatu nyuma kulikuwa na nini? Huwa akaa kimya kidogo, halafu asema, eeh kweli.

Kama hakukuwa na kitu, basi aende akapimwe damu. Wengi ninaowapeleka wakirudi huwa ni upungufu wa damu, madini ya chuma yako chini, hasa hawa wanaotokwa na hedhi nyingi siku saba nane na waona ni kawaida kwa sababu mama zao pia walikuwa hivo. Na sisi na chai yetu! Asubuhi chai, mchana wali na chai, chai ile ikiandamana na chakula yazuia mwili kuchukua madini ya chuma, bora ungoje saa moja ama mbili ndio unywe. Wengine ni tezi ya shingo, haifanyi kazi sawa sawa, na huyo utamuona pia achoka choka, uzito wapanda ama washuka bila sababu. Na wengine ni dawa wanazotumia, za kifafa, za kuzuia damu kuganda, za saratani hizo kila mtu azijua, lakini tafadhali mtu asiache dawa yake kwa sababu msusi kasema, azungumze na daktari aliempa.

Kuna upara mwengine wa wanawake ambao huu wanitisha zaidi kuliko wa panja, nao waanzia utosini wakaenea kama mduara, taratibu, wengine wahisi kuwashwa ama kuchoma pale kati wengine hawahisi kitu. Huko nyuma madaktari walidhani ni kitana cha moto tu. Lakini 2019 daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, Ncoza Dlova, pamoja na wenzake walitoa utafiti unaoonyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye ugonjwa huu wana kasoro kwenye jeni iitwayo PADI3, ile inayohusika na kuunda unywele wenyewe. Yaani mtu amezaliwa nayo, na huwaona mama na binti wote utosi mmoja. Huu wachoma shina likafa kabisa, kwa hivo ukimuona mtu utosi wampungua usimuuzie mafuta ukampotezea mwaka, mpeleke kwa daktari wa ngozi mapema, vidonda vya ndani vikishakauka hapaoti tena.

Watoto nao. Wavulana wa madrasa hawa, kofia moja yavaliwa na watatu, kinyozi mashine moja kutwa nzima, akija nyumbani ana mapunye, kichwa chatoa magamba na nywele zimekatika mabaka mabaka. Mama apaka kitunguu thomu, apaka krimu, apaka mpaka mafuta taa. Mapunye ni fangasi na fangasi yenyewe imeingia ndani ya shina la unywele, krimu haifiki huko, yataka dawa ya kunywa ya hospitali kwa wiki kadhaa, na msiache katikati mkiona kumepona. Na msiyachanganye na lile duara linalotoka usiku mmoja, laini kabisa, halina magamba wala mba, kama shilingi ishirini iliyobandikwa kichwani, ambalo watu wasema mende kamla mtoto amelala. Hilo ni mwili wenyewe umejigeuka, askari wa mwili wanashambulia mashina ya nywele wakidhani ni maadui. Mara nyingi duara moja moja huota nywele tena lenyewe, lakini mkaoneshe.

Wanaume sina maneno mengi kwao, wao wakipata kipara husema ni akili ama ni pesa zaja. Wangu mimi alianza na miaka 28, pembe mbili mbele zarudi nyuma, halafu utosi, halafu zikakutana. Yeye kila siku amlaumu mjombake, ati amerithi kwake. Ni kweli kuna jeni kubwa inayotoka upande wa mama lakini na upande wa baba pia zipo, na babake yeye alikuwa akivaa kofia ya vito mpaka kitandani, sasa sijui alikuwa akificha nini. Ni homoni ya kiume iitwayo DHT, yayafanya mashina yanywee kidogo kidogo mpaka unywele uwe kama manyoya ya kifaranga. Vijana siku hizi wapaka minoxidil, hata wa ndevu nawaona. Hio mwanzo ilikuwa dawa ya presha ya kumeza, ikaonekana wagonjwa waota nywele mpaka usoni, Marekani ikaruhusu ya kupaka kichwani 1988. Yawasaidia wengi, ila ukiacha kupaka zile ulizozipata zaondoka tena, na hili wauzaji hawalisemi.

Ndio nije kwenye tangazo, Mhariri, mtanisamehe. Ukurasa ule ule wa barua ya bwana wa Tudor, chini yake mmeweka tangazo la chupa ya mafuta ya shilingi 1,500, "yaotesha nywele kila aina kwa siku 21". Unywele wakua kama sentimita moja kwa mwezi, sasa kwa siku 21 hata kama ni muujiza utaona nini? Mafuta ya nazi nayapenda, habasoda naipenda, mafuta ya mnyonyo pia (jina lake tu mtu akifikiria vizuri angeogopa), yalainisha, yazuia nywele kukatika, lakini hayajui kama wewe umeng'oka panja, umezaa, huna damu ama una mapunye. Mimi nimeyauza miaka mingi, chupa zilikuwa kwenye shelfu mpaka mwaka jana, na faida yake ilikuwa nzuri kuliko ya kusuka. Nliziondoa. Shelfu saa hizi ina redio na kikombe cha vitana.

Ombi langu ni mtutafutie daktari wa ngozi hapa Mombasa, hata mara moja kwa mwezi, ajibu watu gazetini kwa Kiswahili, manake kumpata hospitalini ni foleni na kwa faragha ni pesa, na watu wakikosa wa kuuliza waniuliza mimi, na mimi nina vidole tu na mpwa mwenye simu.

Yule msichana wa duka la simu nlimkatalia. Nkamwambia nitakusuka matuta manne makubwa malegevu, mbele nikuachie, bure, usinilipe. Akasema kwenye picha za harusi atakuwa kama mtoto wa chekechea. Akaondoka vizuri tu, hatukukosana. Ijumaa jioni nkamuona kwenye steji ya matatu, misuko imefika kiunoni, mizuri kweli siwezi kusema uongo, imevutwa mpaka macho yamepanda juu kidogo kama ya paka. Nkamuita. Alijaribu kugeuza shingo anitazame, akashindwa, ikabidi ageuke mwili mzima.

Wasalaam,
Msusi wa Kisauni,
Mombasa